Farasi wa Felipe IV aachwe na miguu yake ya ziada

Katika Jumba la Makumbusho la Prado, Madrid, kuna picha kubwa ya Mfalme Felipe IV wa Hispania juu ya farasi, kazi ya mchoraji wake Diego Velázquez. Tazama miguu ya nyuma ya farasi huyo: pembeni yake kuna mingine, hafifu kama moshi. Anayeiona mara ya kwanza hudhani picha imeharibika, akashangaa mbona warekebishaji hawajaifuta. Nami nasema wasithubutu.

Picha ilichorwa karibu 1635 kwa ajili ya kasri la Buen Retiro. Kufikia miaka hiyo Velázquez alikuwa ameachana na tabaka la chini la rangi ya udongo mwekundu. Sasa alitandaza nyeupe ya risasi, rangi itokanayo na madini ya risasi, iliyokorogwa na mafuta ya kitani, kwa kisu kipana. Eksirei zinaonyesha mikupuo ya kisu, mapindi makubwa kama ya fundi anayepiga lipu. Juu ya weupe huo alipaka rangi nyembamba, na mwanga wa anga lake unatokea huko chini.

Farasi aliyeinua miguu ya mbele ni hesabu ngumu. Uzito wote umekaa nyuma; kwato zikisogea kidogo tu, mfalme anaonekana anaanguka, na mchoraji aliyeanza kwa mshahara wa sarafu 20 za dukati kwa mwezi mwaka 1623 hakuajiriwa kumwangusha mfalme. Basi akawa anaitafuta miguu palepale kwenye turubai. Asiporidhika, alipitisha rangi ya mandhari juu ya mguu wa kwanza, nyembamba vilevile, akachora mwingine.

Siku ile rangi hiyo ilifunika vizuri. Shida ni kwamba nyeupe ya risasi, iliyomo pia katika rangi hiyo ya juu, haitulii ndani ya mafuta: asidi za mafuta huungana na risasi polepole zikawa sabuni, na mafuta yenyewe yakizeeka hupitisha mwanga zaidi. Tabaka huishia kama karatasi iliyofungiwa maandazi. Chenye giza kilicho chini ya rangi nyeupe nyembamba lazima kichungulie. Mfalme huyohuyo, katika picha yake akiwa amesimama kwa mavazi meusi, naye ana miguu ya zamani inayoonekana kando ya ile iliyorekebishwa.

Ukiifunika leo, rangi mpya itabadilika kwa mwendo wake na ya zamani kwa mwendo wake. Baada ya miaka kadhaa utabaki na baka angani. Na utakuwa umefuta sehemu pekee ya picha hii isiyomsifu mtu. Mengine yote, mshipi wa waridi, fimbo ya ujemadari, hatamu zilizoshikwa kwa mkono mmoja, yanatuambia mfalme hatetereki. Miguu ile inatuonyesha mchoraji akisitasita.

Tovuti ya Prado imeiweka picha hiyo. Ikuze kwenye kwato za nyuma, na uongeze mwanga wa simu.