Huku Japani, ukiendesha "kama mama" ndio unafaulu

Watanzania wanaohamia Japani na leseni zao za nyumbani hukutana na jambo ambalo hakuna aliyewaonya kabla ya kupanda ndege. Leseni yetu hubadilishwa, lakini si mezani tu. Unajibu kwanza maswali ya sheria, kisha unaingia kwenye gari pamoja na mtahini, ndani ya uwanja wao wa majaribio, naye anakukata alama kuanzia mia moja. Ukishuka chini ya sabini, nenda nyumbani, panga siku nyingine. Na kwa niliowaona mimi hapa Nagoya, wanaorudishwa sana si waliojifunza gari juzi. Ni kaka zetu wazoefu, wale waliokwishapiga Dar–Mbeya usiku kucha na kurudi.

Gari halina ugeni wowote. Usukani uko kulia kama kwetu, tunapita kushoto kama kwetu, na hiyo Noah ambayo kaka aliiacha Sinza huenda ilipakiwa melini bandari ya hapahapa Nagoya. Kinachomwangusha ni ubabe. Akifika kwenye kibao cha kusimama anapunguza mwendo, anatupa jicho kulia, anaona kweupe, anapita. Basi, mtihani umeishia hapo. Huku tairi lazima lisimame kabisa, hata kama barabara ni tupu. Kabla ya kukunja kushoto unatazama kioo, halafu unageuza shingo utazame kwa macho yako, na mtahini lazima aione hiyo shingo ikigeuka. Kwenye kivuko cha reli unasimama hata kama njia iko wazi. Kuna na kichochoro cha kona mbili kali, chembamba, ambacho unakipita kwa mwendo wa konokono ili tairi lisipande ukingo. Kaka anatoka jasho humo kuliko alivyotoka kwenye mlima wa Kitonga.

Sasa chukua hayohayo uyapeleke Dar. Dada yuko mataa ya Mwenge, taa imegeuka njano, amesimama. Daladala iliyo nyuma yake inampigia honi ndefu, konda katoa nusu ya mwili mlangoni: "Mama, rudi jikoni!" Bodaboda anayepita pembeni anainama achungulie kioo, ahakikishe kweli ni mwanamke, kisha anaondoka akicheka na abiria wake. Hakuna aliyegongwa wala aliyezuiwa njia. Dada amesimama kwenye taa tu.

Hapo ndipo ninapogombana na sisi wenyewe. Huwa tunasema wanawake hawajui kuendesha kama vile tumekaa tukapima, kumbe tulichokipima ni nani ana moyo wa kulazimisha. Anayechomekea, anayetanua kwenye vumbi la pembeni akapita foleni nzima, anayelipita lori kwenye kona asiyoiona mwisho wake, huyo ndiye dereva. Anayesubiri zamu yake ni mama. Hata mwanaume akisubiri ataambiwa anaendesha kama mwanamke, na sijawahi kusikia mwanaume aliyejibu "asante". Kwa hiyo neno hilo haliwaumizi wanawake peke yao. Linamfundisha kijana aliyepata leseni wiki iliyopita kwamba kufuata sheria ni mambo ya kike, na kijana huyo ndiye tunayempa pikipiki akabebe watu.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani mwaka 2021, na linasema wanaume wanakufa mara tatu zaidi ya wanawake. Najua jibu lenu: wanaume ndio wengi barabarani. Kweli, tena barabara zetu ndivyo zilivyo. Ukitaka kumtafuta mwanamke kwenye malori ya Tunduma utatafuta sana. Sidai kwamba hesabu hiyo inamfanya mwanamke kuwa dereva bora. Ninachosema ni kwamba mtu anayemkodolea macho dada mwenye Passo akidhani ndiye hatari ya barabara, anatazama upande usio wenyewe.

Msije mkadhani naisifia Japani bure. Hawa nao wana yao. Mikoani huku wanawake ndio wanaoendesha kutwa: utawaona na vile vigari vya cc 660 vyenye namba za njano kama zetu, kiti cha mtoto nyuma, mama mkwe mbele, anapelekwa hospitali. Jumapili familia ikitoka pamoja, ghafla baba ndiye aliyeshika usukani, na mama aliyeendesha wiki nzima kageuka abiria. Halafu wana leseni za rangi. Ya dhahabu hupewa aliyekaa miaka mitano bila kosa, na ukiwa nayo hata bima inapungua. Lakini mtu asiyegusa gari kabisa miaka yote hiyo, kakaa na leseni kwenye pochi tu, naye anapata ya dhahabu, maana angekosea wapi? Mimi hilo hunichekesha kila ninapolikumbuka.

Na kuna hili la pasipoti, ambalo halinichekeshi. Mwingereza na Mjerumani wanabadilishiwa leseni bila kuombwa waendeshe hata mita moja. Mtanzania, Mkenya, Mganda, wote uwanjani. Hawajamtazama mtu, wametazama anakotoka. Aliyeanguka kwa haki kaanguka kwa haki, lakini nisingependa tujifanye hatuoni.

Ila ubaguzi wao mkubwa barabarani, kama ubaguzi ndilo jina lake, ni wa umri. Ukiwa chini ya miaka 21 bima ya gari ni moto, inapungua ukivuka hapo, inapungua tena ukifika 26. Mwenye leseni mpya analazimika mwaka mzima kubandika alama ya kijani na njano mbele na nyuma ya gari. Wengine mmeikuta ipo bado kwenye magari mliyonunua na mkadhani ni urembo. Mwenye miaka 70 kwenda juu anahimizwa kubandika yake. Zamani ilikuwa na umbo la tone la rangi ya chungwa na njano, wazee wakailalamikia kwamba inafanana na jani lililokauka, na mwaka 2011 ikabadilishwa ikawa jani la klova lenye pande nne. Kilichonishangaza si alama yenyewe. Ni kwamba ukimchomekea mwenye alama hiyo, ya mgeni wa barabara au ya mzee, umevunja sheria na unatozwa faini. Fikiria alama hiyo Buguruni. Ingekuwa mwaliko.

Mzee akifika miaka 75, kila anapotaka kuhuisha leseni anapimwa kumbukumbu. Anaonyeshwa picha kumi na sita, anashughulishwa na jambo jingine, kisha anaulizwa aliona nini. Matokeo yakitia shaka anapelekwa kwa daktari, na daktari akithibitisha kwamba akili imeanza kupotea, leseni inachukuliwa. Mjadala ulichacha Aprili 2019, baada ya mzee wa miaka 87, afisa mkubwa mstaafu wa serikali, kukanyaga mafuta badala ya breki huko Ikebukuro, Tokyo, akaua mama wa miaka 31 na binti yake wa miaka mitatu. Mahakamani alishikilia kwamba gari ndilo lililoharibika. Mwaka 2021 alihukumiwa miaka mitano. Mwaka ule wa ajali, watu takriban laki sita walirudisha leseni zao kwa hiari.

Tangu hapo kila mzee akigonga ukuta wa duka ni habari ya televisheni. Lisilopewa nafasi ni kwamba zaidi ya nusu ya wanaokufa barabarani Japani ni wenye miaka 65 na zaidi, na sehemu kubwa yao walikuwa wanatembea kwa miguu. Mzee wa televisheni ndiye anayeua. Mzee wa takwimu ndiye anayeuawa. Jirani yangu mmoja, mkulima, ana kilori chake kidogo cheupe kilichobonyea kona ya bampa. Binti yake anamsihi kila mwezi arudishe leseni. Yeye anajibu kwa swali moja: basi liko wapi? Na kweli basi halipo, na duka liko mbali, na mashamba ya mpunga hayamfuati mtu mlangoni. Kumnyang'anya usukani ni rahisi ukiwa unaishi karibu na treni.

Pamoja na hayo, nampa Mjapani sifa moja. Hofu yake ya wazee ameigeuza kipimo. Hata kama kundi zima limeshukiwa kwa umri, mwishoni anapimwa mtu mmojammoja, na mzee wa miaka 80 aliye mzima anatoka na leseni yake mkononi. Mwaka 1970 waliokufa kwa ajali hapa walikuwa 16,765. Mwaka 2024 walikuwa 2,663. Sababu ni nyingi, mikanda, barabara, hospitali, lakini hakuna hata moja iliyotokana na kumzomea mtu dirishani.

Kwetu umri unafanya kazi kinyume. Mwanamke tunamshuku kabla hajawasha gari. Mzee hatumshuku hata baada ya kugonga. Nina mjomba Morogoro, dereva wa malori enzi zake, mtoto wa jicho ameshamwanza, usiku anafuata taa za nyuma za gari lililo mbele yake. Ukipanda naye unasikia mwenyewe akiuliza, "Hapo mbele ni mtu au ni mti?" Bado ndiye anayependekezwa kuendesha kwenye misiba na harusi, kwa sababu mzee ana uzoefu. Mdogo wangu wa kike, mwenye leseni halali na macho mazima, anakaa kiti cha nyuma.

Tumelizungumza kwenye kundi la familia la WhatsApp, lile ambalo mjomba hayumo. Binamu mmoja amesema tufiche funguo. Mwingine amesema tumwambie gari lina tatizo la gia. Nilipopendekeza mdogo wangu aanze kuendesha, kukawa kimya, kisha shangazi akaandika, "Mwanangu, safari ni ndefu, tumwachie mjomba."