Pope, kondoo na mwenye kisu

Mwaka 1733 mshairi Mwingereza Alexander Pope alianza kuchapisha, bila kutia jina lake, An Essay on Man, shairi refu kuhusu binadamu na nafasi yake duniani. Waraka wa kwanza, yaani sehemu yake ya kwanza, unafungwa kwa kauli iliyozua mabishano hadi leo: kila kilichopo kiko sawa. Kinachotuumiza sisi, anasema, ni sehemu ya heri kubwa tusiyoweza kuiona.

Wengine huyaita haya maneno ya mtu aliyeshiba. Hapo hawamtendei haki. Maradhi ya uti wa mgongo yalimpinda tangu utotoni, hata futi tano hakufika. Na kwa kuwa alikuwa Mkatoliki, sheria za Uingereza zilimfungia milango ya chuo kikuu. Mtu kama huyo akisema ameridhika na majaliwa yake, namsikiliza kwa heshima.

Kuridhika na maumivu yako, hata hivyo, si sawa na kuwaridhia wenzako ya kwao. Tarehe 1 Novemba 1755, Pope akiwa amekwisha kufa, tetemeko liliibomoa Lisbon, mji mkuu wa Ureno, watu wakiwa kanisani, kisha yakaja mawimbi na moto. Voltaire, mwandishi Mfaransa aliyewahi kulisifu shairi hilo, aliuliza kwa uchungu: watoto wachanga waliopondwa vifuani mwa mama zao walikosa nini? Mwanafalsafa Rousseau akamjibu kwamba si maumbile yaliyorundika pale nyumba elfu ishirini za ghorofa sita na saba. Jibu zito, lakini kwangu linambana Pope mwenyewe aliyekuwa akitetewa: kama watu wangeweza kujenga vingine, basi kilichokuwepo hakikuwa sawa.

Mahali panaponisumbua zaidi ni pale Pope anaposema kutojua ya kesho ni rehema. Anatuonyesha kondoo atakayechinjwa leo: anatafuna majani kwa raha, na mkono ulioinuliwa kumwaga damu yake anauramba. Picha inauma kwa uzuri wake. Ila Pope anamtazama kondoo tu. Mwenye kisu anajua kila kitu, na kwa hesabu hii naye yuko sawa. Ndiyo maana kila mtawala dhalimu angeipenda falsafa hii.

Katika waraka wa pili Pope haamrishi mtu kuridhika. Anamweleza tu binadamu alivyo: bwana wa vyote na windo la vyote, fahari ya dunia, kichekesho chake na fumbo lake. Hapo simpingi hata neno.