Hasara yangu msiipigie makofi

Jumamosi iliyopita nilitoa elfu ishirini yangu ya halali nikaingia ukumbini kusikiliza semina ya ujasiriamali. Mzungumzaji alikuja na treni ya asubuhi kutoka Dar, na hilo alilisema mara tatu. Akafungua na "Mbukwenyi!", salamu ya Kigogo, kama afanyavyo kila mgeni anayetaka kupendwa Dodoma kwa haraka, tukaitikia kwa adabu. Halafu akatiririka: kuanguka ni fursa, kufilisika ni fursa, hata kuachwa na mume ni fursa. Nilikuwa nimekaa karibu na feni, nikajisemea angalau hewa napata.

Wakati wa maswali akasimama mama mmoja. Alikuwa mama lishe kule Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, wakati majengo ya wizara yanapanda. Alipikia mafundi na vibarua, siku nzuri sahani mia zinaisha kabla ya saa nane. Wengi walikula kwa daftari. Kazi ikaisha, mafundi wakahama na madeni yao, yeye akabaki na deni la mchele dukani na jingine la kausha damu, ile mikopo ya riba ya kukamua. Aanzie wapi?

Yule bwana akatabasamu hadi gego la mwisho. "Mama, mshukuru Mungu! Hiyo si hasara, hiyo ni fursa! Jamani, mpigieni makofi!"

Ukumbi ukalipuka. Mama akabaki amesimama kidogo, kama mtu anayesubiri chenji, kisha akakaa.

Tangu siku hiyo nina hasira, na mtanisamehe, leo naimwaga hapa.

Kwanza tumelifukuza neno "shida" mjini. Maji yakikatika wiki nzima ni changamoto. Mtu akikutapeli kiwanja, umepitia changamoto. Bibi yangu alikuwa akisema "nimepata hasara", analia siku mbili, ya tatu anaamka kuhesabu mbuzi waliobaki. Sisi tunarukishwa kilio, tunarukishwa na hesabu, tunapelekwa moja kwa moja kwenye makofi.

Nayajua haya kwa sababu nimeoza nayo. Nilikuwa nanunua zabibu kwa wakulima wa Mpunguzi nawapelekea wasindikaji. Anayezijua zabibu anajua zilivyo na kiburi: ukishazikata hazikusubiri, na jua letu hili halina huruma. Halafu mashamba yote yanaiva kwa pamoja. Msimu mmoja wa Agosti, miaka kadhaa nyuma, nilikuwa na zaidi ya tani mbili kwenye kreti nilipopigiwa simu: matangi yamejaa, msilete tena. Hakukuwa na mkataba, kulikuwa na "usijali dada". Siku ya kwanza nilizungusha mjini, ya pili nikauza kwa bei ya kutupa, ya tatu nyuki walikuwa wengi kuliko wateja. Siku ya nne nilimwaga.

Nilikuwa nadaiwa na wakulima, na nilikuwa na mkopo wa rejesho la kila wiki. Wenye mkopo walibeba friji na runinga, wakaniachia waya. Kwa wiki tatu sikupokea simu ya mtu yeyote. Na katika wiki hizo hizo, niwe mkweli, nilikuwa nasikiliza hotuba za kina "sisi tutainuka" usiku kucha kwenye simu. Zilinisaidia nini? Nilijiona shujaa. Asubuhi wadai walikuwa bado wako mlangoni.

Aliyenitoa pale ni mama yangu mdogo. Hakuniambia neno fursa hata mara moja. Alikuja na daftari la mwanaye wa darasa la nne, akachana kurasa zenye hesabu za kugawanya, akaniambia, "Andika unachodaiwa. Upande huu andika ulichobakiwa nacho." Upande wa deni nilijaza haraka. Upande wa pili nikasema sina kitu. Akanikodolea macho. "Hizo kreti zilizopangwa uani ni za nani?"

Kreti sitini. Nilikuwa napita pembeni yake kila siku kwenda chooni. Tukaongeza mizani, turubai mbili, na namba za simu za wakulima kumi na mmoja ambao nilikuwa nawakimbia. Msimu uliofuata wanunuzi wengine walikuwa wanahangaika kutafuta kreti za kukodi, na mimi nilikuwa nazo, zimekaa, zinanuka siki. Nilizisugua nikaanza kuzikodisha mia tano kwa siku. Hapo ndipo nilipoanzia, na hapakuwa na utukufu wowote.

Lile la namba za simu lilikuwa gumu zaidi. Nilikwenda Mpunguzi kwa miguu inayotetemeka kumwona mzee niliyekuwa nadaiwa naye pesa nyingi kuliko wote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kaa."

Nikamweleza sina hela, nina kreti na nina mdomo wa kuomba nilipe kidogo kidogo. Akanyamaza muda mrefu, akitazama mizabibu yake. "Msimu ule mlichukua mzigo wangu watu watatu," akasema. "Aliyerudi ni wewe." Nililipa mwaka mzima, elfu hamsini hamsini, mara nyingine thelathini. Mwaka wa pili mzee yule yule alinipa zabibu kwa mali kauli, nikapakia za kula katika vifungashio vidogo, nikauza stendi na Majengo. Sasa niambieni, fursa hiyo ilitoka kwenye zabibu zilizooza? Zilizooza zilibaki zimeoza. Fedha ile haijarudi na friji nimenunua nyingine kwa jasho jipya. Kilichonibeba ni kile ambacho hasara haikukifikia, na nisingekijua kama mama mdogo angenipigia makofi.

Watu wa semina wanapenda mifano mikubwa. Basi ninayo moja, tena ya hapa hapa jirani. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa kulima karanga kwa maelfu ya ekari, maana baada ya vita mafuta ya kula yalikuwa haba kwao. Baadhi ya matrekta yalitengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Mizizi ikavunja majembe, udongo wa mfinyanzi ukikauka ukawa kama zege, mvua ikagoma. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, pauni milioni 36 hivi zimekwenda na upepo. Miaka ya 1960 Kongwa hiyo hiyo ikawapa kambi wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, FRELIMO, ANC, SWAPO, na leo kuna ranchi ya taifa ya ng'ombe. Mzungumzaji wetu angesimulia hapo hadi jasho limtoke. Ila ranchi haikuota kwenye trekta lililovunjika. Ilibidi kwanza watu wakubali kwamba pale karanga haziwezekani. Na ng'ombe? Kwamba nchi ile ni ya ng'ombe, Mgogo yeyote angewaambia bure mwaka 1946.

Hao Wagogo nao walikuwa na hesabu zao. Mvua yetu ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, nayo hunyesha kijiji hiki ikaruka cha pili kama imetumwa. Mzee mwenye mifugo hakuiweka yote kwenye zizi moja: baadhi kwa shemeji, baadhi kwa rafiki wa mbali, anayechunga anakamua maziwa. Ukame ukipiga upande mmoja, anajua cha kwake kilichosalia kiko wapi na kwa nani. Hata hilo halikutosha kila mara. Katika Mtunya, ile njaa ya mwaka 1917 hadi 1920, watu walikufa wengi. Sijawahi kusikia mzee akiisimulia Mtunya kama fursa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba maneno ya moyo yana kazi yake. Kuna asubuhi moja nisingetoka kitandani bila sauti ya mhubiri fulani wa redioni. Sawa, nimempa. Lakini kumwinua mtu kitandani ni dakika tano, na watu hawa wanatoza kwa saa tatu. Tena waliozama kabisa hawaalikwi kushika maiki, kwa hiyo tunaowasikia ni walioibuka tu. Na ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato yake, ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa mwaka 2023 ikarudi mwaka uliofuata, nitaiandikia siku yake, maana pale kuna watu waliokuwa katikati ya kujinyanyua wakakuta kamba imekatwa.

Semina ilipoisha nilimtafuta yule mama. Nilimkuta nje anangoja daladala, ameshika cheti cha ushiriki. Nikamwambia, dada, mimi si mtaalamu wa kitu, ila nina daftari kwenye mkoba. Tukakaa kwenye ukuta wa maua. Upande wa deni aliandika bila kupumua. Upande wa pili akaanza na sufuria: kubwa tatu, za kati nne. Majiko mawili, moja limepasuka. Meza. Halafu akakumbuka ana daftari la waliokula kwa mkopo, majina na namba za simu zote, na fundi mkuu mmoja sasa yuko kwenye ujenzi mwingine, Ihumwa, na vijana wake arobaini.

"Huyo ananidai chenji," akasema, akacheka kwa mara ya kwanza. "Elfu tatu. Naogopa hata kumpigia."

Nikamwambia aandike upande wa deni, elfu tatu, halafu ampigie.