Vichwa vya Samaki Haviendi Mashineni

Mama yangu alikuwa katika wiki yake ya tatu hapa Bismarck, North Dakota, na mpaka hapo Marekani ilikuwa haijamtisha. Barabara pana ameziona, maduka makubwa ameyazunguka, akasema sawa. Kilichomshtua ni mashine ya kusaga vichwa vya samaki.

Iko kwenye kibanda cha kusafishia samaki, hatua chache kutoka pale boti zinapotolewa majini. Ni meza ya chuma yenye shimo. Ukibonyeza swichi, shimo linanguruma na kumeza chochote unachosukumia. Jirani yetu mwenye boti alikuwa anapasua samaki wa siku hiyo kwa kisu cha umeme. Kwa kila samaki minofu miwili inakwenda kwenye mfuko, kichwa na mifupa vinasogezwa shimoni. Mama akasimama mbele ya swichi na khanga yake kiunoni.

“Mwanangu, muulize. Hivyo vinakwenda wapi?”

Nikauliza, nikatafsiri. Vinasagwa, vinakwenda na majitaka. Mama akamtazama jirani kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyekosa malezi, kisha akaomba ndoo.

Mtu aliyekulia Mwanza anaelewa. Viwanda vya minofu ya sangara vilipoanza kupeleka nyama Ulaya, sisi tulibaki na mapanki: kichwa, mgongo na mkia. Tumekula mapanki ya kukaanga, tumekula ya mchuzi, na wapo waliosomesha watoto kwa kuyauza. Tuliyala kwa sababu nyama yenyewe haikuwa na bei yetu, na sisemi hivyo kwa fahari. Lakini hakuna aliyetuambia kichwa ni takataka. Sasa nimevuka bahari, nina haki ya kula mnofu kama mtu yeyote, halafu nimwone mama yangu akitazama mapanki yanasagwa kwa umeme!

Samaki wenyewe wanaitwa walleye. Nyumbani kwetu wameshakuwa wolai. Ana mwili mrefu wa rangi ya shaba iliyochakaa, meno ya kweli, pezi la mgongoni linalochoma, na jicho kubwa lenye ukungu. Nyuma ya jicho hilo kuna utando unaorudisha mwanga, kama wa paka, ndiyo maana anawinda alfajiri, magharibi, na siku ambazo upepo umevuruga maji. Wavuvi wa hapa wakiona ziwa limetulia kama kioo wananuna. Mama alipomshika wa kwanza alimgeuza mara mbili, akasema, “Huyu ni sangara aliyekosa lishe.”

Tunamvua katika ziwa Sakakawea, mwendo wa saa moja na ushei kutoka Bismarck ukielekea kaskazini. Mji wa Garrison una sanamu kubwa ya wolai, na ndiyo, mama alipiga picha nayo. Ukilitazama utadhani ziwa hili liliumbwa, lakini ni mto Missouri uliozibwa. Ujenzi wa bwawa la Garrison ulianza 1947, mto ukafungwa 1953, na maji yakarudi nyuma hadi urefu wa kilomita 286 hivi. Yakafunika mji wa Elbowoods na mashamba ya bondeni ya wenyeji asilia wa hapa, Wamandan, Wahidatsa na Waarikara. Ipo picha ya 1948 ya mwenyekiti wao, George Gillette, amefunika uso kwa mkono, analia, huku waziri wa serikali akitia saini mkataba wa kuwauzisha ardhi. Nilimsimulia mama tukiwa ndani ya boti. Akanyamaza kidogo, akauliza kama makaburi yalihamishwa. Nikamwambia mengi yalihamishwa. Akasema basi samaki hawa wameshalipiwa, tusiwafanyie utani.

Utani ndio uliopo, na ndio unaonifanya niandike. Wapo wavuvi, na si wachache, wanaovua kwa ajili ya kuvua tu. Anamtoa, anapiga picha, anamrudisha, anatupa tena mshipi. Wanaliona hilo kuwa ustaarabu, na sisi tunaobeba ndoo wanatuona walafi. Mwezi wa nne au wa tano, samaki wakiwa kwenye maji mafupi, sina ugomvi nao. Ukimshika vizuri na kumrudisha haraka, ataishi. Agosti ni habari nyingine. Maji ya juu yamepata joto, na wale samaki wembamba wa smelt, walioletwa ziwani 1971, wanafuata baridi chini. Wolai anafuata chakula chake. Unamvua futi 30 au 40 kwenda chini, na kibofu chake cha hewa hakina mlango wa kutolea hewa haraka. Ukimvuta juu kinavimba, kinasukuma utumbo, na macho yanamtoka pima. Ukimwachia huyo, anaweza kuzama ukadhani ameokoka, na kumbe umemuua. Idara ya wanyama na samaki ya jimbo yenyewe inashauri kwamba ukivua kwenye kina cha futi 25 au zaidi, baki na unachopata, na ukitosheka acha kuvua.

Siku ile ile tulipita karibu na boti ya vijana watatu waliokuwa wanacheka na kuachia, wanacheka na kuachia. Nyuma yao, umbali wa kurusha jiwe, niliona matumbo meupe matano yanaelea na shakwe wameanza kazi. Hakuna sheria waliyovunja: kiwango ni wolai watano kwa mtu kwa siku, na anayerudishwa papo hapo hahesabiwi. Ndiyo maana nasema hesabu ya sheria na hesabu ya samaki si kitu kimoja. Mimi, mke wangu na mama (tulimkatia leseni ya wageni ya siku 3) tuliacha kuvua tulipofikisha wanane, ingawa tungeweza kuongeza. Wanane walitutosha.

Wa nane alikuwa wa binti yangu, ana miaka tisa. Alihisi kitu kinagonga chambo, si kuvuta, kugonga, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja. Akakaza, akazungusha, ulimi nje. Akatoka wolai mdogo, hafikii urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi kiganja. “Baba, tumwachie, ni mtoto.” Jirani akatazama sona, chombo cha kupimia kina: futi 36. Nikamwonyesha macho ya samaki. Akalia. Mke wangu akanikata jicho, na alikuwa na haki, kwa sababu ningeweza kulisema kwa upole zaidi. Bibi yake akamvuta, akamwambia, “Umemtoa wewe, utamla wewe, na hatakwenda bure.” Kwa mtoto wa huku, anayejua samaki kama kipande cha mraba kwenye boksi, hiyo ilikuwa habari ngumu.

Jioni jikoni mama alikataa msaada. Vichwa vinane, matamvua yametolewa, chumvi, limau, vikapumzika. Kisha kitunguu, nyanya, kitunguu saumu, pilipili nzima juu bila kupasuka, moto mdogo. Ugali tuliupika kwa unga wa mahindi wa duka la Wakongo. Jirani alikuja amebeba minofu yake ya kukaanga, kwa heshima tu nadhani, akiwa na mpango wa kuondoka mapema. Alikiri kwamba wazee wake walikuwa wakichokoa nyama ya mashavu ya wolai na kuila peke yake, na yeye ameacha kwa uvivu. Mama hakungoja tafsiri. Akachokoa shavu kwa kijiko, akaliweka kwenye sahani ya mgeni.

Binti yangu alikaa mbele ya kichwa kidogo kuliko vyote, cha samaki wake. Alikizungusha muda mrefu. Akagusa mchuzi, akaonja nyama ya shavu, nyeupe, ya ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Kisha akakigeuza upande wa pili, akauliza kama na huko kuna jingine.