Hezeli au kala: mjadala wa uwanja wa 20 kwa 20

Shemeji yangu anauza nguo Kariakoo, na mara mbili tatu kwa mwaka hupanda ndege kwenda Istanbul kufuata mzigo. Safari iliyopita alirudi na mfuko wa hezeli, zile njugu za mviringo ambazo wengi wetu tunazijua kwa ladha tu, kwa kuwa ndizo zinazosagwa na kakao kutengeneza Nutella. Hazikuwa zimekaangwa, na kila moja ilikuwa bado ndani ya ganda lake gumu la kahawia. Akaapa kuzipanda nyumbani kwake Goba. Dada yangu akamwambia nafasi hiyo ina mwenyewe: anataka maua ya kala, yale meupe aliyoyaona kwenye harusi, yaliyojisokota kama kikaratasi cha muuza karanga. Wakaniita niamue, eti mimi ndiye mwenye mkono wa kijani katika ukoo.

Kiwanja ni 20 kwa 20. Ukitoa nyumba, shimo la maji taka, simtenki na sehemu ya kuegesha gari, kinachobaki ni ukanda wa mita tatu kando ya fensi. Udongo ni kichanga, maji ni ya kisima, na jua la saa nane mchana mnalijua.

Hoja ya shemeji si ya kupuuzwa. Uturuki hutoa zaidi ya nusu ya hezeli zote duniani, na nyingi hutoka mikoa ya pwani ya Bahari Nyeusi kama Giresun, Ordu na Trabzon. “Pwani kama sisi, mvua kama sisi,” alinikumbusha. Mhezeli ni kichaka kinachochipua mashina mengi kutoka ardhini, kinafika mita tatu hadi tano, kinaanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, kisha kinaendelea kwa miongo. Hauna sumu. Kwa mtu anayeamini kwamba uwanja lazima ulishe nyumba, huo ni mmea wa heshima.

Tatizo ni baridi. Pwani ile ya wenzetu ina majira ya theluji, na mhezeli hauwezi kuyakosa. Kila mwaka unahitaji mamia ya saa, aina nyingine hata zaidi ya 1,000, za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 hivi. Usiku wa Julai hapa Dar, tunapojifunika shuka mbili na kulalamika, kipimajoto huwa kinasoma 18 au 19. Kwa hesabu ya mhezeli hatujampa hata saa moja. Bila usingizi huo wa baridi, macho ya matawi huamka ovyo, mengine leo, mengine baada ya miezi, na mengine hayaamki kabisa.

Halafu kuna namna unavyochavushwa, na hapa nakiri mmea huu umeniteka. Hutoa maua katikati ya baridi, matawi yakiwa hayana jani hata moja. Ya kiume huning’inia kama viwavi vya manjano. La kike ni nyuzi nyekundu tu, dogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Upepo ndio unaobeba chavua, na chavua ikishafika husubiri ndani ya ua kwa miezi kabla ya kurutubisha. Isitoshe, mhezeli hukataa chavua yake mwenyewe na ya ndugu wa aina ileile, kwa hiyo lazima uwe na aina mbili zinazokubaliana. Vichaka viwili vya upana wa mita nne kila kimoja, ndani ya ukanda wa mita tatu!

Shemeji alikuwa na jibu zuri. “Zabibu si za Ulaya? Mbona Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka?” Ni kweli, na swali hilo lilinifanya nifikiri zaidi ya nilivyotarajia. Lakini mzabibu mahitaji yake ya baridi ni madogo, na mkulima wa Dodoma anaudanganya: anaunyima maji, anaupogoa, nao unachipua kana kwamba umetoka kulala. Mhezeli haudanganyiki kwa mkasi. Mbegu yake, ndiyo, unaweza kuihadaa kwa kuifukia kwenye mchanga wenye unyevu na kuiweka kwenye friji miezi mitatu au minne. Ila mti wenyewe utauingiza friji gani? Angekuwa na shamba Njombe au Makete, ambako matufaha yanakubali na asubuhi za Juni umande huganda, ningemwambia ajaribu, tena kwa miche iliyopata kibali. Mbegu na miche kutoka nje huhitaji kibali na cheti cha afya ya mimea, na wenye dhamana ni TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu. Mfuko wa abiria haumo kwenye utaratibu huo, na hilo nilimwambia mbele ya mkewe.

Sasa kala. Huyu ni Mwafrika mwenzetu: kwao ni Afrika Kusini, Lesotho na Eswatini, kando ya vijito na sehemu za majimaji. Watu humwita yungiyungi, lakini ukoo wake ni wa magimbi. Sehemu nyeupe tunayoisifia ni jani lililobadilika. Maua yenyewe ni madogo mno, yamebanana kwenye kile kijiti cha manjano cha katikati, ya kike chini, ya kiume juu.

Undugu na gimbi ndio unaoeleza tabia zake. Anapenda maji. Na anawasha. Aliyewahi kumenya magimbi ya futari bila kupaka mafuta mikononi hahitaji mhadhara: ni vile vijisindano vya kalisi oksaleti, visivyoonekana kwa macho. Tofauti ni kwamba gimbi ukilipika vizuri unalila, kala si chakula hata kidogo. Mtoto akitafuna jani lake, mdomo na ulimi huungua na kuvimba. Dada ana mtoto wa miaka miwili anayeonja kila kitu, kandambili zikiwemo. Nilishangaa shemeji hakuitumia hoja hiyo, maana ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote.

Joto nalo halimpendi. Kala hufurahia nyanda za juu, kwetu anavumilia. Tena kuna kala na kala. Wa rangi, wa njano na wa zambarau, hukua kutoka kwenye kiazi kinachotaka kupumzika pakavu, na masika yetu ya Machi hadi Mei hayampi nafasi hiyo. Niliwahi kununua viazi vitatu vya njano kwa muuza maua wa barabarani. Vilichipua vizuri, majani yenye madoa meupe, nikaanza kujisifu. Mvua ya Aprili ikapiga siku nne mfululizo, majani yakalala. Nilipofukua, kidole kilizama kwenye kiazi kama kwenye gimbi lililopikwa likapitiliza, na harufu ilinikimbiza mpaka getini. Ni bakteria wa kuozesha, wanaopenda joto na unyevu, yaani wanaopenda Dar.

Mweupe ni mgumu zaidi, miguu yake imezoea matope. Lakini matope yana gharama. Maji ya kisima yakiwa na chumvi huunguza kingo za majani, hivyo maji ya mvua yaliyokingwa ndiyo bora. Na sahani ya maji chini ya chungu ni nyumba ya mbu wa dengi, anayeuma mchana; mji huu ulipata milipuko mwaka 2014 na 2019, sidhani kama kuna anayetaka kufuga mbu hao kwa ajili ya ua.

Nimempa dada ushindi, ila wa masharti. Kala mweupe tu, kwenye ndoo iliyotobolewa na kujazwa udongo mweusi, mboji na samadi iliyooza, bila sahani chini. Ndoo ikae upande wa mashariki, ipate jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa tano, juu ya meza ambayo mtoto haifikii. Asitarajie maua ya harusini. Akipata matatu au manne kati ya Juni na Agosti, ashukuru.

Shemeji nilimshauri kama anataka njugu apande mkorosho, ambao kichanga na jua la pwani ni chakula chake. Akanijibu, kwa haki, kwamba mkorosho utameza uwanja mzima, na mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi kuliko kala wa mkewe. Tukabaki tunatazamana. Nje ya geti, chini ya mkungu wa jirani, watoto walikuwa wanapasua kungu kwa mawe na kuchokonoa kokwa kwa vijiti.

Hezeli zake tano ziko kwenye friji, ndani ya kopo la siagi lenye mchanga. Dada ameshauliza mara mbili zitatoka lini.