Midland Grand: Je, Scott Alikosea Kujenga Imara Hivyo?

Wanaoisifu hoteli ya Midland Grand, iliyo mbele ya stesheni ya St Pancras jijini London, hutaja mnara wa saa, matofali mekundu na ngazi kuu inayogawanyika pande mbili. Wanaoilaumu hutaja bafu. Msanifu George Gilbert Scott aliijengea kampuni ya reli ya Midland vyumba vipatavyo 300, bafu zikiwa chache mno na za pamoja. Ilifunguliwa 1873, ikafungwa 1935.

Lawama hiyo ni nusu ya ukweli. Mwaka 1873 hata mgeni tajiri hakutegemea bafu chumbani. Watumishi walipandisha maji moto na makaa ya mawe, wakateremsha maji machafu na majivu. Desturi ndiyo iliyobadilika. Hoteli ya Savoy, pia ya London, ilipofunguliwa 1889 na umeme wake na bafu tele, Midland Grand ilitakiwa kufuata, na hapo jengo likagoma.

Sakafu zake ni za zege nene, zilizowekwa kuzuia moto usienee. Bomba la choo la milimita 100 huhitaji mteremko wa milimita 25 hivi kwa kila mita. Choo kikiwa mita 8 kutoka bomba la wima linaloteremsha majitaka, unatafuta sentimita 20 za kushuka. Utazipata wapi? Ukichimba zege, unadhoofisha sakafu na kinga yake ya moto. Ukiinua sakafu, milango yote haina budi kukatwa. Ukishusha dari, nakshi za plasta zinafunikwa.

Hata hivyo, nampinga anayesema Scott alijenga vibaya. Jengo lilitumika kama ofisi za reli kwa miongo kadhaa na likabaki wima. British Rail, shirika la reli la taifa, ilipotaka kulibomoa miaka ya 1960, mshairi John Betjeman na Victorian Society, chama cha kutetea majengo ya enzi ya Malkia Victoria, walikuwa na kitu kizima cha kupigania. 1967 likapewa ulinzi wa kisheria wa daraja la kwanza, la juu kabisa.

Lilirudi kuwa hoteli 2011, vyumba vingi vikiwa katika bawa jipya na ghorofa za juu za Scott zikigeuzwa makazi. Wapo wanaoona huko ni kuhifadhi sura tu. Mimi naona ulikuwa uamuzi sahihi, kwani kuingiza bafu katika kila chumba cha zamani kungemaanisha kutoboa zege mara mia kadhaa. Gharama yake ni kwamba wageni wengi wa hoteli hiyo hawalali ndani ya kazi ya Scott.