LLB nyumbani, LLM ng'ambo: hesabu za mwanafunzi wa sheria

Julai 2023 baraza la usuluhishi la ICSID, chombo cha Benki ya Dunia kinachoamua migogoro kati ya wawekezaji na serikali, liliiamuru Tanzania iwalipe Indiana Resources ya Australia na washirika wake zaidi ya dola milioni 109. Ugomvi ulihusu leseni ya nikeli ya Ntaka Hill, Nachingwea. Mwaka uliofuata pande mbili zikaelewana kwa dola milioni 90. Kwa wanaotetea vijana wetu kwenda kusoma sheria nje, hoja imeishia hapo: hatuna wa kutosha wanaozijua kesi za aina hii, na vyuo vyetu peke yake havitawatoa.

Hoja ina uzito, ila tuitazame kesi yenyewe kwa karibu. Leseni ile ilikuwa leseni hodhi, yaani ya kushikilia eneo kabla ya uchimbaji kuanza, aina iliyofutwa na mabadiliko ya Sheria ya Madini ya 2017. Wadai hawakuegemea sheria hiyo mpya. Waliegemea mkataba wa kulinda uwekezaji ambao Tanzania na Uingereza zilitia saini mwaka 1994. Kwa maoni yangu, basi, kesi ilianza kutuponyoka mezani, muswada ulipokuwa ukiandikwa, kabla hata ya wakili yeyote kusimama mbele ya wasuluhishi. Aliyehitajika pale ni mtu anayezijua sheria zetu za madini kifungu kwa kifungu, na papo hapo anakumbuka kwamba kuna mkataba wa 1994 kabatini. Nusu ya ujuzi huo hufundishwa vizuri London au Geneva. Nusu nyingine huko haifundishwi kabisa.

Swali la mwanafunzi, basi, ni nusu ipi itangulie.

Wanaosema nenda mapema, ukasome hata shahada ya kwanza (LLB) huko, hukumbusha kwamba mfumo wetu ni mtoto wa mfumo wa Kiingereza. Ni kweli. Tanzania Bara ilipokea sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na Kenya ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Lakini tarehe hizo zinawageukia wenyewe. Sheria kubwa iliyopanga upya umiliki wa ardhi Uingereza ni ya mwaka 1925, miaka mitano baada ya mlango wetu kufungwa. Kijana anayekesha akiisoma kule anasoma sheria ambayo haikuwahi kuvuka bahari kuja kwetu. Kwetu ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Anayetaka kumtetea mwanakijiji wa Kilosa atafungua Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999. Ndoa nayo ina sheria yake ya 1971. Hizi si pambo la pembeni. Wakili kijana mara nyingi hupata mkate wake wa kwanza kwenye ardhi, mirathi na ndoa.

Kisha kuna lugha. Tangu marekebisho ya 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, ingawa Kiingereza bado kinaruhusiwa panapolazimu. Mhitimu aliyefundishwa miaka mitatu kujenga hoja kwa Kiingereza cha Manchester akija kuandaa kiapo au hati ya madai kwa Kiswahili fasaha, mteja yuko mbele yake na karani anasubiri, atatoa jasho. Waliosoma nyumbani nao hutoa jasho, kwa sababu vyuo vyetu bado vinafundisha sheria kwa Kiingereza. Lakini wao angalau wamepita mahakamani wakati wa mafunzo kwa vitendo na kusikia shauri linavyosemwa.

Hata hivyo, wanaosifia shahada ya nyumbani wasijisahau. Mwaka 2022 matokeo ya Shule ya Sheria kwa Vitendo pale barabara ya Sam Nujoma, Dar es Salaam, ambako lazima upite kabla ya kuapishwa kuwa wakili, yaliwashtua wengi: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, 342 wakapewa sapu, yaani kurudia baadhi ya mitihani, na 265 wakadisko, yaani wakaondolewa masomoni. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Waweza kulaumu mitihani, waweza kulaumu vyuo vilivyowapeleka, lakini huwezi kusimama juu ya takwimu hizo ukadai kwamba LLB ya hapa inatosha kwa kuwa tu ni ya hapa. Aliyesoma kwenye darasa dogo ng'ambo, akabishana na mwalimu kila wiki na maktaba ipo wazi usiku, huenda akawa amejifunza kufikiri kisheria vizuri zaidi, hata kama vifungu vyetu havijui.

Ila na yeye akirudi ana foleni yake. Shahada ya nje lazima itambuliwe na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kenya, Baraza la Elimu ya Sheria huangalia kama masomo ya msingi yote yamo, na yakipungua utaambiwa ukayasome.

Ukiangalia waliotangulia, njia moja inajirudia. Profesa Issa Shivji alichukua shahada ya kwanza Dar es Salaam, akaenda London kwa uzamili (LLM), kisha uzamivu akaufanyia tena Dar. Dk. Willy Mutunga, Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia 2011 hadi 2016, alisomea sheria Dar es Salaam, na udaktari akaupata Toronto. Kwake yeye, tukiwa wakweli, Dar yenyewe ilikuwa ng'ambo: kitivo kilichofunguliwa 1961 ambamo Afrika Mashariki nzima ilikutana. Siku hizi tunaposema kusoma nje tunawaza uwanja wa ndege wa Heathrow, London, tu, wakati Makerere, Nairobi na Pretoria zipo.

Wanaosomea sera za umma, si sheria, wana hesabu tofauti. Takwimu, uchumi na uchambuzi wa bajeti ni vyombo vinavyofanya kazi popote, na anayekwenda mapema hapotezi mengi, mradi tasnifu yake ihusu jambo la kwao. Mwanasheria hana uhuru huo.

Sasa pesa, ambayo ndiyo huamua mengi kuliko falsafa. Tuchukue LLM ya mwaka mmoja Uingereza. Ukiacha ada ya chuo, idara ya viza ya Uingereza itataka kuona fedha za kujikimu za hadi miezi 9 zimelala benki siku 28 mfululizo. Pesa ya kuazima kwa mjomba, iingie Jumatatu itoke Ijumaa, haifai kitu. Kuna ada ya huduma ya afya, pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi. Na kwa kuwa viza ya kozi ya miezi 12 huongezewa miezi ya ziada mwanzoni na mwishoni, utajikuta unalipia mwaka mmoja na nusu. Tangu Januari 2024 anayesoma uzamili wa darasani kwa kawaida haruhusiwi kwenda na mwenza wala watoto. Mama mwenye mtoto wa miaka miwili aijue habari hiyo kabla ya kujaza fomu, si baada ya kupata nafasi.

Ndiyo maana wengi hukimbilia ufadhili, na hapa ratiba yenyewe inajibu swali. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hulipia uzamili wa mwaka mmoja, lakini hudai saa 2,800 za kazi, yaani kama miaka miwili, na ukimaliza urudi kwenu kwa miaka miwili angalau. Anayetoka chuoni moja kwa moja hana sifa. Anayemaliza LLB, akapita Shule ya Sheria, akafanya kazi kwa wakili au ofisi ya serikali, anafika kwenye fomu akiwa na umri wa miaka 26 au 27 na jambo la kusema. Nadhani hata bila sharti hilo mpangilio huo ni bora, kwa sababu aliyewahi kuhangaika na mkataba wa gesi au shauri la kodi anajua anakwenda kutafuta nini.

Kasoro yake ninaikiri. Wapo wanaorudi na LLM ya mafuta na gesi wakakuta meza ile ile, mshahara ule ule, na kazi ya kuandika viapo. Wengine hawarudi, na siwalaumu sana. Kama ofisi iliyokuruhusu kwenda haina mpango wa kukutumia, ng'ambo itakupa cheti kizuri cha kutundika ukutani.

Ndiyo maana napenda njia za katikati. Chuo Kikuu cha Pretoria kina LLM ya haki za binadamu na demokrasia Afrika, iliyoanza mwaka 2000: muhula mmoja Pretoria, mwingine chuo kingine barani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kituo cha sheria cha TGCL kinachoshirikiana na Chuo Kikuu cha Bayreuth cha Ujerumani tangu 2008, kinachofundisha sheria za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa mtu wa Mombasa, Tanga au Zanzibar anayewaza bandari na meli, ipo taasisi ya sheria za bahari ya IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, kule Malta, somo ambalo kwetu wataalamu wake ni wachache mno.

Na aliye mwaka wa tatu leo asisubiri viza. Mahakama ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu zote ziko Arusha, safari ya basi ya siku moja kutoka Dar. Likizo ijayo aombe kufanya mafunzo huko, asome majalada, aone mawakili wa nje wanavyojenga hoja zao, halafu ndipo aamue ni LLM ipi inayostahili pauni zote hizo.